Embu na Meru: Safari ya Mume na Mke kwa Gharama Ndogo

Sisi watu wa pwani safari zetu zina njia zake zinazojulikana. Twaenda Lamu kwa Maulidi, twaenda Unguja kuzuru jamaa, na aliyejaaliwa huenda Makka. Bara twaenda kwa dharura: hospitali, mahakama au kumpeleka mtoto chuoni, na shughuli ikisha twageuza siku hiyo hiyo. Kwa hivyo jirani zetu waliposikia kwamba sisi na mama watoto twaenda Embu na Meru, bila ya kesi wala mgonjwa, baadhi yao walidhani tumeficha habari ya msiba.

Shauri lilikuwa la mama watoto. Kwa miaka mingi ameyaona magari yakishusha miraa na muguka alfajiri karibu na mtaa wetu, na vijana aliowasomesha juzuu ya kwanza wakiyakimbilia. Akasema ataka kuiona ardhi itoayo majani haya, na watu wanaoyalima. Sisi kwa upande wetu tulikuwa na hamu ya jambo jingine, nalo ni hadithi ya Wameru kwamba asili yao ni kwetu huku, kando ya bahari. Nia zikakutana, na gharama ikawa ndogo.

Tulipanda gari la moshi stesheni ya Miritini, daraja la pili, ambalo tangu Januari 2024 nauli yake ni shilingi 1,500. Nairobi tulilala kwa jamaa, na asubuhi tukapanda matatu ya Embu. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, ulijitokeza kwa muda mfupi kabla ya saa tatu kisha ukajifunika mawingu, na hatukuuona tena kwa siku mbili. Kuupanda hatukukusudia. Wala hatukwenda katika Hifadhi ya Meru, alikozikwa yule simba jike Elsa aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe. Huko kuna malango na ada zake, nasi haja yetu ilikuwa kwa watu.

Mji wa Embu ulianzishwa na Waingereza kuwa kituo cha utawala mwaka 1906, na kwa miaka mingi ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Kama ilivyo miji mingi ya bara, una mtaa wake wa Majengo. Majengo ya bara ni mlango wa Waislamu: askari, wapagazi na wachuuzi waliotoka kwetu walijenga hapo, wakaoa, wakasomesha. Mgeni akitafuta msikiti na chakula cha halali aulize Majengo, hatapotea. Tulipata chumba safi karibu na hapo kwa shilingi 1,200, maji ya moto yakiletwa kwa ndoo. Baridi ya Julai ni kali, na manyunyu hayakatiki. Mama watoto alijifunika leso mbili juu ya buibui, na akawa akisema Alhamdulillahi kwa kila kikombe cha chai.

Kwa wanaouliza habari ya chakula: nyama tuliila Majengo peke yake. Kwengineko tulitosheka na githeri, nduma za kuchemsha, ndizi na mayai, na tulishiba. Sala tulizipunguza na kuzikutanisha, kwani masafa yametimia na hatukunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili.

Siku ya pili tulishuka Mbeere kwa matatu ya Kiritiri. Mwendo hauzidi saa moja na ushei, lakini ni kama kuhama nchi. Juu Embu ni majani ya chai, kahawa na makadamia, udongo mwekundu na mito kila bonde. Chini Mbeere jua linachoma, miti ni ya miiba, na mama watoto akasema, "Hapa ni Ganze." Kweli ilikuwa kama Ganze au Kinango. Watu hulima mtama, kunde, na pojo, ambazo wao huziita ndengu, miembe inasitawi. Na katika ukingo wa nchi hiyo unapita mto Tana, uliozuiliwa kwa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ili kutoa umeme. Ni Tana ile ile inayopita Garsen na kumwaga maji yake Kipini.

Mazao yenye fedha huko ni muguka. Tofauti na miraa ya Meru, ambayo hutafunwa vijiti vyake vichanga, muguka ni majani tu, huchumwa na kutiwa katika mifuko. Mti wake hustahimili ukame, na huchumwa tena na tena, ilhali mahindi ya Mbeere hukauka mvua ikikosa mara moja.

Msomaji atakumbuka ya Mei 2024. Gavana wa Mombasa alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wakaenda mahakamani Embu, amri ikasimamishwa, na Rais akatangaza kwamba marufuku ile haina nguvu kisheria kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi. Huku kwetu habari ile tuliisikia kama kushindwa. Kule Mbeere waliisikia kama kuokolewa. Ni jambo la kutafakari kusimama katika shamba ambalo juu yake dua za mama wa Kisauni na dua za mama wa Kiritiri zinapingana.

Mama mmoja wa makamo, mjane na Mkristo, alitukaribisha chini ya mwembe wake. Tulimwambia tumetoka Mombasa, naye akatutazama kwa hadhari, maana alidhani tumekuja kwa ugomvi. Mama watoto akaketi naye mkekani na kumsaidia kuchambua pojo. Baada ya muda akaanza kumweleza, kwa upole, habari za vijana wetu: wanaoamka adhuhuri, waliouza vyombo vya mama zao, wanaotafuna usiku kucha na hawaijui sala ya alfajiri wala kazi ya asubuhi.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, watoto wangu watatu wamesoma kwa majani haya. Mmoja ni mwalimu."

"Na wao hutafuna?" mama watoto akauliza.

"Hapana. Hapa nyumbani mtoto wangu hatafuni."

Palikuwa na kimya. Mama watoto hakusema neno la ukali, alimtazama tu, na yule mama akainamisha macho kwenye ungo. Halafu akainuka, akatuchagulia mapapai mawili, akakataa katakata kupokea fedha. Njiani tukirudi mama watoto alikuwa kimya hadi tulipouona tena mji.

Sisi msimamo wetu juu ya majani haya unajulikana, tumeusema mimbarini, na haukubadilika Mbeere. Lakini tuliona kwamba yule mama hana duka Mombasa. Yeye huuza mfuko kwa bei ndogo kwa mwenye gari, na mwenye gari huuza kwa muuzaji ambaye ni wa kwetu, katika kibanda kilichopangishwa na mwenye nyumba wa kwetu, pengine hatua chache kutoka msikitini. Kodi ya kibanda hicho nani huipokea? Swali hilo tumelibeba kutoka huko na tunakusudia kulipeleka kwa wenyewe, mlango kwa mlango.

Kutoka Embu kwenda Meru barabara inazunguka mlima kupitia Runyenjes, Chuka na Chogoria. Upande wa Runyenjes ndiko Waembu wanakosimulia habari za babu yao Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka cha miti chenye jina lake kimehifadhiwa hadi leo. Mbele kidogo ya Chuka ni daraja la Nithi. Hapo dereva alipunguza mwendo na abiria wote wakanyamaza. Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa liliporomoka bondeni hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tuliomba dua kwa sauti, na abiria wa dini nyingine wakasema "Amina" pamoja nasi. Tunawashauri wasafiri wapite njia hii mchana. Baina ya Nkubu na Meru utavuka ikweta; kuna kibao tu kando ya njia, na matatu haisimami.

Meru tulikaa siku tatu. Majira ya asubuhi tulikwenda katika jumba la makumbusho, lililo katika ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya, na jioni tukazungumza na wazee. Wameru husimulia kwamba waliishi kisiwa kiitwacho Mbwaa. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, wakawatia utumwani na kuwapa kazi zisizowezekana: ndala yenye manyoya pande zote mbili, mkuki wa kufikia mawingu, mbwa mwenye pembe. Hatimaye walitoroka. Waliovuka maji usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, waliovuka jua limetoka wakaitwa weupe, na mpaka leo koo zao zinajigawa hivyo. Wako wanahistoria waliosema huenda Mbwaa ni Manda, pale mbele ya Lamu. Wengine wamepinga. Sisi hatuna la kuamua, ila masikio yetu yalisikia "muntu" kwa mtu, na "Murungu" kwa Mwenyezi Mungu, na ndugu zetu Wamijikenda wanasema "Mulungu".

Na hao Nguo Ntune walikuwa nani? Wengi huko hudhani ni Waarabu au watu wa pwani. Mzee mmoja alitueleza kisa chote kisha akacheka na kusema, "Sheikh, usiogope, deni ni la zamani." Tulicheka naye, ingawa kisa hakikuwa cha kuchekesha. Biashara ya watumwa ilipita katika bandari zetu, na si haki kusoma historia kwa kurasa zinazotupendeza tu. Mama watoto akamwambia kwamba Manda tumefika, kuna magofu ya Takwa, na maji matamu ni ya shida. Mzee akauliza kama watu bado wanaishi huko. Tukamwambia wako. Akataka kujua wanakula nini, wanazika wapi, na ikiwa kutoka kisiwani mtu aweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Maswali yake yalitushughulisha mpaka adhana ya Magharibi.

Kwa wenye nia ya safari hii: epukeni Aprili na Novemba kwa ajili ya mvua. Chukueni leso nzito, soksi, na mswala mwepesi. Sisi wawili, kwa siku nane, nauli zote, vyumba na chakula, tulitumia chini ya shilingi 20,000, pamoja na gunia dogo la pojo za Mbeere ambalo mama watoto alilipakata mwenyewe hadi Miritini.