Nilipiga Pamba Bila Pamba

Wasee, naomba msinicheke. Mimi ni mtoto wa Kilungu, kule milimani ambako Julai sweta si fasheni, ni lazima. Kwa hivyo binamu zangu walipopanga twende Mombasa Desemba, kwenye bustani ya michezo ya maji, mimi nilifikiria picha tu.

Nilikuwa nimeweka akiba miezi minne, pesa za kumsaidia susu kuuza maparachichi sokoni Nunguni. Nusu yake niliimaliza kwa mitumba: jinzi nyeusi ya kubana, blauzi nyeusi ya nailoni yenye mikono mirefu, na raba za soli nene. Susu alishika ile blauzi kwa vidole viwili, akauliza, "Na hii inapumulia wapi?" Nikacheka. Akanipa leso yake niibebe. Nikaisukuma chini kabisa ya begi.

Tulipandia SGR Emali. Ndani ya treni kulikuwa shwari. Kushuka Miritini, joto lilinipokea kama mtu anayenidai.

Joto la Mombasa si kama la Makindu. Kwetu hewa ni kavu, jasho linakauka haraka na mwili unapoa. Pwani hewa imeshajaa unyevu, kwa hivyo jasho linakaa tu kwa ngozi. Sasa ongeza nailoni juu yake: ni kama umejivika mfuko wa plastiki.

Kufika bustanini, mhudumu akaangalia jinzi yangu, akatikisa kichwa. Zipu na vifungo vya chuma vinakwaruza mitelezo. Nguo ya kuogelea sina, na pesa ya kuinunua ilikuwa imeishia kwa luku. Basi binamu zangu wakateleza na kupiga kelele, mimi nikalinda mabegi. Saa nane nikaanza kusikia kizunguzungu, miguu nayo imejaa malengelenge. Ndipo nikakumbuka leso. Nikaingia chooni, nikavua kila kitu, nikajifunga ile leso ya pamba. Wacha tu, nilipumua.

Nina picha 40 za siku hiyo. Kwa zote nimekaa chini.

Najua kuna wale watasema nguo za kulegea ni za wazee. Sawa, lakini nililipa kiingilio nikaangalia wengine wakifurahia. Aliyeshamba ni nani?

Siku hizi nikienda mahali pa joto, navaa tisheti ya pamba iliyolegea, rangi isiyokolea, kaptura au dera, kofia, na sandali zenye mkanda ambazo mguu wangu umeshazizoea. Raba mpya usizijaribie safarini. Lakini pamba ni ya kutembea. Ikilowa inakuwa nzito na inachelewa kukauka. Kwa maji, beba nguo ya kuogelea. Kama unapenda kujistiri, zipo za mikono mirefu, na hizo zinakukinga na jua pia.

Nilimrudishia susu leso yake ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Hakuniuliza chochote. Alisema tu, "Kaa nayo, utarudi huko."

Na narudi, Desemba hii. Leso itakaa juu ya begi, na akiba yangu yote ni ya mitelezo.