Randa za Papa Fundi

Jumanne, 5 Machi 2024

Mama, mjane wa Papa Fundi aliyenifundisha kazi, ameniita leo asubuhi. Tangu tumzike Papa Fundi sikuwa nimeingia kwenye atelye, karakana yake pale mtoni Isangi. Mama alinifungulia mlango, yeye mwenyewe akabaki nje. "Mwanangu," akasema, "wewe umelelewa na mashine hizi. Nitajie bei yake. Watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shuleni kila wiki kwa kukosa karo." Nikamjibu kwamba nitazitazama. Sikumwambia kwamba nimeitamani ile randa kubwa tangu nina miaka 17.

Randa ziko mbili. Moja, ile kubwa, ni randa ya unene, inayomeza ubao upande huu na kuutoa upande wa pili ukiwa sawasawa. Nyingine ni ya kunyooshea, ambayo fundi husukuma ubao juu yake kwa mikono. Zote zina kibao kidogo cha shaba cha kiwanda cha Kifaransa: Guilliet, Auxerre. Papa Fundi alitusimulia kwamba zilikuwa za mfanyabiashara Mreno. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipite mikononi mwa Wazairwa, na atelye ikapata bwana mpya asiyejua hata jina la mbao. Baadaye zikauzwa kulipa madeni. Papa Fundi akazinunua kwa mbao za mti wa lifaki, mtumbwi kwa mtumbwi, karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hata yeye hakuwahi kujua zilimgharimu pesa ngapi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda nazo kutwa. Yale mafuriko ya Mto Kongo ya Desemba na Januari, ambayo kimo chake hakikuwa kimefikiwa kwa zaidi ya miaka 60, yaliingia mpaka kwenye tumbo la randa kubwa. Tope limekauka juu ya rola. Visu vimeliwa na kutu.

Nilianza kwa nyundo ndogo. Chuma cha kusubu kilicho kizima hulia. Chenye ufa sauti yake hukwama, kama chungu kilichopasuka. Sisi tuliokulia kando ya lokole, ngoma ya gogo inayotuma habari, tuna masikio ya kazi hiyo. Nikagonga mguu mmoja mmoja, nikagonga meza, nikagonga mabega ya pande zote mbili. Inalia. Sijaona ufa.

Kisha shafti. Nikaizungusha kwa mkono: inakwaruza kama mchanga kwenye meno. Nikaishika na kuivuta juu na chini: inacheza kidogo. Ni beringi tu. Nikasafisha moja kwa mazuti, yaani dizeli, mpaka namba ikaonekana, 6206, na moyo wangu ukatulia. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu: milimita 30. Kwa nje ni 62, unene 16. Namba hiyo ni ileile Kisangani, Kampala na huko Auxerre. Mashine ya miaka hii yote, na sehemu yake inayochakaa bado inauzwa sokoni! Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia anayenunua kitu kuukuu, ningemwambia atafute namba kwanza, rangi aitazame baadaye.

Ile ya kunyooshea imenihuzunisha. Shafti yake ni ya mraba. Nilifanya kazi juu yake miaka sita nikidhani randa zote ndivyo zilivyo. Kati ya pembe za mraba na mdomo wa meza kuna pengo, na pengo hilo linapokea mkono. Papa Fundi alikosa ncha za vidole viwili vya kushoto. Hatukumwuliza hata siku moja.

Alhamisi, 14 Machi

Mnunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, amepita kwa Mama. Anataka kuzichukua zote mbili kwa kilo, kama vyuma vya meli mbovu. Kijana wake Mama, yule mkubwa, alikuwa tayari kukubali.

Usiku nimefanya jambo ambalo naliandika hapa ili lisinikimbie. Nimeandika bei ya randa kubwa: dola 300. Ni juu ya bei ya mitraye, kwa hiyo Mama angenishukuru, na mimi ningekuwa na mashine inayoranda ubao wa nusu mita kwa upana. Nimeitazama tarakimu hiyo muda mrefu. Nimeikata kwa kalamu. Mthamini na mnunuzi wakiwa mtu mmoja, mjane hana wa kumsemea.

Kesho nadandia balenyeri, boti ya mbao ya injini, kwenda Kisangani. Nataka kujua mpya zinauzwaje.

Jumanne, 19 Machi, Kisangani

Niko mtaa wa Makiso, madukani. Mashine mpya ya Kichina iliyopitia Kampala, yenye randa na msumeno pamoja, wanaitaka dola 650. Inang'aa. Kipya kinyemi, na mimi nilisimama mbele yake kama mtoto mbele ya mandazi. Faida yake ni ya kweli na sitaificha: inakula umeme wa kawaida, grupu ndogo ya umeme inaiendesha, na watu wawili wanaibeba mpaka kwenye mtumbwi. Kwa kijana anayetengeneza viti na meza ndogo, aliyepanga chumba na anaweza kuhamishwa wakati wowote, nisingemshauri vingine.

Lakini meza yake ni ya alumini. Motori ni ile ya brashi inayopiga kelele na kuchoka upesi. Mkanda wake una meno madogo ya aina yake. Nikamuuliza muuzaji, ukikatika? Akasema nilete namba ya simu, wataagiza. Randa ya namna hiyo ukiilisha kambala, mti unaoficha jiwe jeupe la chokaa ndani ya nyama yake, visu vinapata meno siku ileile. Na limbali, mti mgumu, je?

Mchana nilikwenda mtaa wa Mangobo kwa fundi wa vitanda ambaye mashine yake ni ndugu wa ile ya dukani, ya mwaka mmoja tu. Anaiuza. Hakuna aliyempa hata 200. Mashine ni nzima, nimeiona ikifanya kazi. Ila mnunuzi anajiuliza swali nililouliza mimi dukani, na hana jibu. Ndipo nilipoelewa jinsi bei inavyotembea. Mpya huanguka siku inapotolewa kwenye katoni, kisha huendelea kuanguka mpaka mkanda ukatike, na hapo inabaki plastiki. Kuukuu ya chuma iliishaanguka zamani, mikononi mwa wengine, na sasa imekaa chini imetulia.

Mdogo wangu aliyeko Liège, Ubelgiji, ananitumia picha za atelye zinazofungwa huko, wazee wakistaafu bila mrithi. Tangu 1995 mashine mpya ya Ulaya lazima iwe na alama ya CE. Ya zamani isiyo na breki wala kinga, mwajiri haruhusiwi kumweka mfanyakazi mbele yake mpaka aitengeneze. Basi chuma kizuri kinatoka kwa bei ya kutupa. Ila kutoka Antwerp hadi Matadi, Matadi hadi Kinshasa, kisha kilomita zaidi ya 1,700 za mto mpaka hapa! Mashine kuukuu ya Liège ikifika kwetu Isangi inakuwa ghali kuliko mpya ya Makiso.

Jumatano, 20 Machi, bado Kisangani

Fundi wa kerezo amenieleza habari ya shafti ya mraba bila kumaliza chai yake. Huichongi ikawa duara; unatengeneza nyingine, ya mviringo, na visu vinafungwa kwa kabari ndani yake. Usiku nimesoma kwenye simu kwamba Uingereza ilikataza mraba kwenye randa za kunyooshea mwaka 1922. Miaka 102! Na sisi bado tunahesabu vidole.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa nilikaa na Mama na kijana wake mkubwa, daftari mapajani. Nikawasomea.

Randa kubwa, ikiwa imesimama Kisangani na inazunguka, najua mafundi wawili ambao wangetoa 1,500. Lakini haiko Kisangani. Kuibeba kunataka watu 12, magogo ya kuviringishia, nafasi kwenye balenyeri inayopanda mto, na watu wengine 12 kule bandarini: nikaweka 250. Beringi, visu na usafi wa tope: 120. Inabaki 1,130. Motori yake ya fazi tatu, volti 380, nikaihesabu sifuri, kwa sababu fazi tatu hapa kwetu hazifiki, na grupu ya kuiwasha ni ghali kuliko mashine. Ajabu ni kwamba hasara hiyo si kubwa: mashine hizi zilizaliwa wakati wa mikanda mirefu ya ngozi, na puli ya zamani ya hii bado ipo. Injini ya mazuti yenye nguvu ya farasi 12, kama zile za kusagia mihogo, inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Weka puli ya milimita 220 kwenye injini na ya 100 kwenye shafti, unapata 4,400. Inatosha kabisa.

Kijana akaniuliza, "Mkubwa wangu, na ile nyingine?"

Nikasema ile nyingine haina bei. Chuma chake ni kizuri, lakini anayeinunua leo ananunua na ajali yake. Mama hakusema kitu. Aliutazama mkono wangu wa kushoto, akahesabu kwa macho, nilimwona.

Kisha nikamwambia lililobaki: kwamba randa kubwa naitaka mimi, kwa hiyo asiipokee hesabu yangu mpaka mtu mwingine aikague. Nikamtajia fundi mzee wa Yangambi asiye na haja nayo.

Jumatano, 3 Aprili

Mzee wa Yangambi amekuja, amegonga kwa nyundo kama nilivyogonga, ameinusa grisi ya zamani. Akasema 1,100. Tulikuwa tumetofautiana kwa dola 30, na kwa hizo 30 nimelala vizuri kuliko wiki zote hizi.

Mama amekubali: 300 sasa, 100 kila mwezi kwa miezi minane. Injini nitaazima kwa shemeji mpaka msimu wa mahindi.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumeandika karatasi mbili za mkataba zinazofanana, moja yake, moja yangu. Mama alitaka kuwe na mstari kuhusu ile ya kunyooshea: haitauzwa wala kukodishwa mpaka iwekwe shafti ya mviringo. Nauli ya shafti nitalipa mimi, kazi ya kerezo italipwa kwa makato kwenye malipo ya nane. Alisaini kwa herufi kubwa, polepole.

Jioni niliifungua shafti ya mraba. Boliti nne, mbili zilikataa mpaka nikazipasha moto. Mama aliingia atelyeni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaleta gunia la mpunga, akaufunga mwenyewe ule mraba kwa kamba ya mkonge, mafundo matatu. Uko chini ya kitanda changu. Balenyeri ya Kisangani inaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri.