Taa za Wavuvi: muziki pasipo maneno

Mimi si mwanamuziki. Ni mwalimu wa sekondari hapa Lubumbashi, diplome yangu ni ya ISP, na kazi yangu ni kufundisha jeografia. Gitare naishika mangaribi, kiisha kusahihisha makaratasi ya wanafunzi. Lakini tangu miaka miwili ninatunga muziki moja ya kupumzisha mutu, isiyo na maneno hata kidogo, na kazi hiyo imeniletea mabishano mengi na wazee.

Vijana wanasikiliza kwa telefoni muziki wanayoita ya tropiki: mashine inatoa sauti ya mawimbi, ndege wawili watatu, kinanda kinapita polepole. Ni tamu, sikatai. Lakini ile ni inchi gani? Hakuna mutu anaishi pale. Mimi nilianza ualimu kule Kalemie, na joto ninayoijua iko na harufu ya ndakala zinazoanikwa. Basi nikaanzia pale: usiku pasipo mwezi, wavuvi wako mbali ndani ya Tanganika, taa zao zinajipanga sawa vile kuna muji mwingine juu ya maji.

Namna ya kupiga sikuibuni. Ni ile ya kwetu Katanga: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, na kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka wa 1930, njo alifanya dunia isikie namna hiyo, tangu Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, mwaka wa 1952. Mwaka wa 1969 alipiga hata Newport, kule Marekani. Alikufa mwaka wa 1990. Na yeye hakuishi kwa gitare peke yake, alifanya vilevile kazi ya ofisi. Jambo hilo linanitia nguvu sana.

Katika muziki yangu, gumba ni kasia. Do, sol, do, sol, kwa utaratibu wa mutu anayejua usiku ni mrefu. Kidole cha shahada kinawasha taa moja moja. Penseli naifunga na kipande cha mpira wa kinga kwenye chuma cha pili cha gitare, ili sauti ipande kidogo. Iliyo nguvu zaidi ni kunyamaza. Sisi wapiga gitare tunapenda kujaza kila nafasi, kama walimu tunavyojaza ubao. Kila juma naondoa noti mbili tatu, na muziki inazidi kupumua.

Mzee mmoja wa jirani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwalimu, gitare pasipo maneno ni mutu anakusalimia bila kukuambia jina yake.» Hoja yake ina uzito. Nyimbo za gitare za zamani zilionya, zilishauri, zilicheka matajiri na walevi. Lakini nilimkumbusha kisanji. Wasafiri walikipiga njiani kwa miguu, peke yao, hakuna wa kusikiliza, ili njia iwe fupi. Ile pia ni mapokeo yetu. Akatikisa kichwa, hakukubali.

Mtoto wangu alisema: «Papa, hii inaniletea usingizi.» Nilimshukuru.

Aliyenisaidia kweli ni mama mmoja wa ngambo ya ukuta, aliyekimbia kutoka Kalemie wakati wa vita, mwaka wa 1998, na hajarudi. Sikumwambia muziki inahusu nini. Siku moja akaniita kwenye mlango:

«Mwalimu, ile njo ziwa?»

«Ndiyo, mama.»

«Na wakati wanarudi? Sisi tulikuwa tunangojea asubuhi na mabeseni, tunahesabu mitumbwi.»

Tangu siku ile nimetunga sehemu ya tatu. Gumba inaenda mbio kidogo, na fa inaingia mara ya kwanza, sababu kunapambazuka. Mitumbwi inafika moja kwa moja, lakini si yote: noti moja inayongojewa haitoki, na gumba inaendelea kuipigia nafasi. Mama yule akiisikia, anazima redio yake. Jumapili anatuma mtoto aniulize kama leo nitapiga.