Walikale: Vipimo vya ndege kuukuu bado vina kazi

Wakaaji wa Kilambo hawana haja ya kuelezwa ndege ni nini. Kwa miaka mingi Antonov na Let-410 zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe, zikapakia kasiterite ya Bisie na kurudi Goma. Lakini ni wachache waliowahi kuchungulia pale mbele, rubani anapokaa akizungukwa na vipimo vya duara kama saa za ukutani.

Ulaya na Marekani kuna watu wanaonunua vipimo hivyo vikishatolewa katika ndege zilizozeeka, wakajenga nyumbani chumba kama cha rubani na kuruka ndani ya kompyuta. Mhami anayelala chini ya turubai Masisi atasema huo ni mchezo wa walioshiba. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, marubani wa kazi nao hujifunza katika mitambo ya namna hiyo, mahali ambapo kosa haliui mtu. Birere, mjini Goma, wanajua bei ya kosa la angani: DC-9 ilianguka hapo Aprili 2008.

Ndugu wasikilizaji, chukueni kipimo cha mwinuko. Ndani yake kuna kikopo chembamba cha chuma, kimetolewa hewa na kuzibwa. Ndege ikipanda, hewa ya nje inakuwa nyepesi, kikopo kinavimba, na vigurudumu vya meno vinasukuma mshale. Hakiombi umeme. Kipakize kwenye pikipiki kutoka misitu ya Walikale hadi milima ya Masisi inayopita mita 2000: mshale utapanda wenyewe.

Mezani hakuna mlima. Ndiyo sababu fundi huondoa kile kikopo, akaweka mota ndogo inayozunguka hatua kwa hatua, na kadi ya elektroniki kama Arduino inayopokea namba kutoka kompyuta. Programu ikisema mita 1500, karibu na kimo cha Goma, mshale unasimama hapo.

Kipimo kinachoonyesha kama ndege imelala upande kina ugumu zaidi. Ndani yake kuna pia inayozunguka kwa kasi sana, na vingi vya zamani vinataka umeme unaogeuka mara 400 kwa sekunde. Ule wa SNEL hugeuka mara 50. Ukikichomeka ukutani unakiharibu.

Jambo moja wauza vyuma chakavu walisikie vizuri. Vipimo vya wakati wa Vita Kuu ya Pili vilipakwa rangi ya radiumu ili namba zionekane gizani. Mwangaza huenda umekwisha, sumu haijaisha: radiumu huchukua miaka 1600 kupungua nusu. Rangi hiyo haikwanguliwi, kioo chake hakivunjwi, na mtoto hapewi akichezee.