Ua la buluu lililovuka ziwa

Juma hili hatutazungumza juu ya mahudhurio ya watoto shuleni wala juu ya akiba ya chama. Wamama kadhaa wanaopita mbele ya mlango wetu wametuuliza jina la lile ua la buluu lililo karibu na jiko, linapandwa namna gani, na kama wanaweza kupata kijiti kimoja. Tumeona tujibu mara moja kwa wote. Lakini hatuwezi kujibu vizuri bila kusema ua hilo lilifikaje kwetu, kwa sababu lilifika mara mbili.

Jina lake la kitabuni ni plumbago. Kwao ni Afrika Kusini, upande wa mashariki wa nchi ile, ambako linaota lenyewe vichakani. Siyo mti. Ni kichaka chenye matawi mengi membamba, kinachofika kimo cha mtu au kupita kikipata kitu cha kuegemea. Maua yake hutoka kwa vishada, kila ua lina petali tano, rangi yake kama mbingu ya asubuhi baada ya mvua. Wenye elimu ya mimea huongeza neno la pili, auriculata, maana yake kwa Kilatini ni lenye masikio madogo, kwa sababu ya vijisikio viwili pale jani linaposhikana na kijiti.

Mama yetu hakujua jina hilo hata moja. Yeye aliliita "ua la dispensari".

Mwaka 1996, vita vilipofika Fizi, tulivuka ziwa. Tulikuwa na umri wa miaka minane. Tulikaa kambini Lugufu, mkoa wa Kigoma, pamoja na maelfu ya watu wa kwetu, na huko ndiko tulikojifunza kusoma. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa katika dispensari ya kambi. Kando ya mlango wa dispensari hiyo palikuwa na kichaka cha maua ya buluu. Mama alitusimulia mara nyingi kwamba usiku ule alipokuwa na uchungu alitembezwa kwenda na kurudi mbele ya mlango, na kila alipochoka alisimama kwenye kile kichaka akahesabu maua. Mtoto alipotimiza arobaini, mama alirudi kuomba kijiti. Alikipanda mbele ya nyumba yetu ya udongo, katika kopo la mafuta ya msaada lililotobolewa chini.

Misafara ya kurudi nyumbani, kutoka Kigoma hadi Baraka, ilianza mwaka 2005. Zamu yetu ilifika 2007. Watu walibeba mabati, sufuria, baiskeli, kuku. Mama alibeba hivyo vyote alivyoweza, na juu yake alibeba vijiti vinne vya ua lake, vimefungwa katika kipande cha kitenge kilicholowa. Katika meli alikuwa akikinyunyizia maji ya kunywa. Baba alimwambia: "Mama watoto, watoto wana kiu, wewe unanywesha fimbo." Mama hakujibu. Vijiti viwili vilikauka, viwili vikashika.

Parseli yetu tulikuta imeguswa. Jirani, ambaye alibaki nchini wakati wote wa vita na kuona mengi kuliko sisi, alikuwa amejenga jiko lake ndani ya mpaka wetu. Hatuandiki haya ili kumshitaki. Miaka kumi na moja ni mingi, na hakuna aliyejua kama tungerudi. Lakini maneno yalitoka pande zote mbili, maneno mabaya, mpaka shefu wa avenyu akaja na wazee, wakapima kwa hatua, wakaweka mawe. Jiko likabomolewa. Mama akapanda ua lake juu ya mstari ule ule wa mawe.

Jirani alisema mbele ya watu: "Hata maua yao yamekuja kula kiwanja." Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kisimani kila mmoja alingoja mwenzake aondoke. Sisi watoto tulikatazwa kuvuka, na watoto wa upande wa pili vile vile.

Sasa wamama, sikieni tabia ya ua hili. Chini ya kila ua kuna kikombe chembamba chenye nywele ndogo zinazonata kama utomvu wa ndizi. Ndani ya kikombe hicho ndimo mbegu hukaa. Huko kwao mnyama akipita, kikombe hunata kwenye manyoya yake na mbegu husafiri bila nauli. Kwa watoto ni mchezo. Ukilichuma ua na kulibandika kwenye ncha ya sikio, linakaa kama hereni. Basi kila jioni watoto wa jirani walikuwa na hereni za buluu, na mama zao waliwapiga, na kesho yake walikuwa nazo tena. Mama yetu aliona yote, akajifanya hakuona.

Kitu kingine: ua hili hutoka kwenye machipukizi mapya. Usipolikata linakuwa kama nywele zisizochanwa, matawi marefu, maua machache. Kwa hiyo kila mwisho wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijashika, mama alichukua panga akalikata karibu nusu. Matawi aliyatupa upande wa njia, kwenye takataka. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka alipofariki mwaka 2019. Jirani alikuja matangani. Alikaa nyuma pamoja na wamama wengine, akatoa mchango wake, akaondoka bila kusema neno. Nasi hatukumfuata.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mnakumbuka wenyewe namna ziwa lilivyopanda. Maji yaliingia katika nyumba za kando ya ziwa kule Uvira na hapa kwetu Baraka, na hayakuwa maji ya kupita usiku mmoja. Yalikaa. Tuliondoa vitanda, madaftari ya wanafunzi na picha ya mama. Kichaka hatukuweza kukiondoa, mizizi yake ilikuwa na miaka kumi na saba. Plumbago linavumilia jua, linavumilia ukame, lakini halivumilii kusimama ndani ya maji. Mizizi inaoza. Maji yaliposhuka tulikuta fimbo nyeusi. Tulikata, tukachimba, tukatafuta hata chipukizi moja. Hapakuwa na kitu.

Tutasema kweli: tulilia kwa ajili ya kichaka kuliko tulivyolia kwa ajili ya nyumba. Ukuta unajengwa tena. Kile kilikuwa kitu cha mwisho kilichoshikwa na mikono ya mama kila mwaka. Na tulijilaumu, kwa sababu katika miaka yote ile watu walikuja kuomba vijiti nasi tulisema: "Subirini, bado kidogo." Tuliona kwamba kikiwa kwetu peke yetu kitakuwa chetu zaidi. Kama tungegawa, tungekuwa na mahali pa kuomba.

Tulihamia sehemu ya juu, katika nyumba ya kupanga yenye shitingi badala ya dirisha. Asubuhi moja ya Jumapili mtu alibisha. Alikuwa jirani yule yule. Naye alikuwa amekimbia maji, anakaa kwa dada yake kwenye njia ya kwenda Fizi. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake vijiti vitatu vyenye majani.

Tulisema: "Karibu, mama." Hatukuwa tumemwita hivyo tangu tuwe wadogo.

Alikaa. Alikunywa maji. Halafu alisema: "Mwanangu, mama yako alikuwa akiyatupa kwenye takataka. Mimi nilikuwa naokota usiku. Nilimpelekea dada yangu, kwa sababu kwangu angeyaona. Yako pale kwa dada, ukuta mzima."

Miaka kumi na miwili alikuwa akiokota. Tulimwuliza kwa nini hakuomba. Alisema: "Ningemwomba kwa mdomo gani?" Baadaye akaongeza jambo ambalo tunalifikiri hata leo: kwamba mama alikuwa akiyakata vijiti vizuri sana, vyote kimo kimoja, na kuvilaza pamoja pembeni ya takataka, siyo juu ya uchafu. Kama alijua, hatutajua kamwe. Sisi tunaamini alijua.

Vijiti vile vitatu ndivyo kichaka mnachokiona karibu na jiko letu. Basi haya ndiyo maelezo, kama jirani alivyotuonyesha na kama tulivyojaribu wenyewe pamoja na wanafunzi wetu wa darasa la nne.

Chagueni kijiti kisicho laini sana wala kigumu sana, cha mwaka huu, urefu wa kiganja pamoja na vidole. Kateni chini kidogo ya fundo la jani. Ondoeni majani ya chini, acheni mawili au matatu juu, na maua yote yaondoeni, maana kijiti hakiwezi kulea maua na mizizi kwa wakati mmoja. Changanyeni mchanga wa ziwa uliooshwa na udongo mweusi wa takataka zilizooza, nusu kwa nusu. Kopo lolote linafaa, mradi limetobolewa chini. Wekeni kivulini, udongo uwe na unyevu lakini maji yasisimame. Baada ya wiki nne hadi sita vuteni kidogo. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Kikifikisha miezi miwili au mitatu, kihamisheni mahali penye jua, mwanzo wa mvua ukiwa bora zaidi. Kama mnataka uzio, acheni hatua moja ndefu kati ya mche na mche. Kizungushieni miiba mpaka kikomae, kwa sababu kuku atachakura na mbuzi hana adabu. Mwaka wa kwanza mwagilieni mara mbili kwa juma wakati wa kiangazi. Baada ya hapo kinajitegemea. Wanaokaa karibu na ziwa au mtoni wapande juu ya tuta.

Mkiona unga mweupe chini ya majani, msiogope wala msitafute dawa. Ni chumvi ambayo mmea wenyewe unaitoa. Lakini majani yakigeuka manjano yote, tazameni maji: mara nyingi yamezidi.

Kuna onyo moja, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika vikundi. Ua hili ni la kutazamwa, siyo la kunywewa. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo nawa mikono baada ya kukata. Mizizi ya mimea ya jamii hii ina sumu inayochoma, na kwa mwanamke mwenye mimba ni hatari kubwa. Mtu akikuambia uichemshe kwa ajili ya tumbo, usikubali; nenda kituo cha afya.

Tunajua kuna mama atakayeuliza: ua haliliwi, nafasi ni ndogo, kwa nini tusipande sombe na lengalenga? Swali ni la haki. Nasi sombe yetu iko, na lengalenga iko, nyuma ya nyumba. Ua linachukua nafasi ya beseni moja. Vipepeo wanakuja, watoto darasani wanahesabu petali na kujifunza namna mbegu inavyosafiri. Shuleni tumeanza kitalu cha makopo thelathini, na sheria ya kitalu ni moja: mtoto akipeleka mche nyumbani, sharti mwaka ukiisha alete vijiti viwili, kimoja cha shule, kimoja cha mtu ambaye hawasalimiani naye. Wanacheka wakisikia. Lakini wameanza kuleta.

Jirani alirudi kwenye parseli yake baada ya maji kushuka, nasi tunajenga yetu pole pole. Mawe ya mpaka maji yaliyazika. Mwezi uliopita tuliyatafuta pamoja naye, kwa jembe, tukapata mawili tu. Tulikubaliana yatoshe. Kati yake tumepanda miche mitano juu ya tuta. Kila mwisho wa kiangazi yeye atakata upande wake, nasi upande wetu, na vijiti havitatupwa.

Anayetaka apite Jumamosi mchana, aje na kopo lake.