Udongo Uliotandazwa Juu ya Turubai

Mimi ni mhudumu wa kisima huku Dadaab, kaunti ya Garissa. Kwa miaka mingi, ngamia akitupa mimba au mtu akipata saratani ya koo, sababu iliyotajwa kwetu ilikuwa moja: taka za nyuklia. Wazee walisimulia kuwa waliokuja kutafuta mafuta miaka ya 1980 waliacha mapipa ardhini. Kisha, baada ya tsunami ya Desemba 2004, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ikataja madai ya taka za sumu, zikiwemo zenye mionzi, katika pwani ya Somalia. Sisi tulio karibu na mpaka hofu ikatuzidi.

Siidharau hofu hiyo hata leo. Watu wamezika ndugu zao bila kuambiwa kilichowaua. Lakini hofu hiyo ilinifunga mikono. Kama sumu iko kila mahali, mtu aanzie wapi?

Kilichonibadilisha ni kisima kipya. Wachimbaji walitandaza turubai, wakapanga juu yake mafungu ya udongo waliokuwa wakiutoa, kila mita chache fungu lake: mchanga mwekundu, chokaa, udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaonata vidoleni, na mwishoni, zaidi ya mita 100 chini, mchanga wenye maji. Mjiolojia wao alichuchumaa, akamwagia maji fungu la mchanga. Yakazama papo hapo. Akamwagia la mfinyanzi, yakatuama juu.

"Niambie kwanza ni taka gani, mzee," akasema, "ndipo nikuambie itafika wapi."

Tulikaa pale mpaka alasiri. Sesiamu, akanieleza, hunaswa na mfinyanzi, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila miaka 30 hivi. Mara nyingi huisha kabla ya kufika mbali. Strontiamu hufanana na kalisi, kwa hiyo hushikwa kidogo na kuponyoka kidogo. Ayodini haishikwi kwa urahisi, husafiri na maji. Urani hutegemea maji yenyewe: yenye hewa huiyeyusha na kuibeba, yasiyo na hewa huiacha ikigandamana na mwamba. Akanitajia Oklo, Gabon, ambako mwamba wenye urani ulijiwasha wenyewe kama kinu cha nyuklia miaka bilioni mbili iliyopita, na sehemu kubwa ya mabaki yake bado iko karibu na pale yalipozaliwa.

Nikamuuliza, basi mfinyanzi wetu unatukinga? Unakinga, akajibu, mpaka mtu autoboe. Shimo lililochimbwa likaachwa bila kuzibwa kwa saruji ni bomba lililonyooka kutoka juu hadi kwenye maji. Neno hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu mashimo ya namna hiyo nayajua. Mengine hufunikwa kwa jiwe tu.

Tunakunywa maji ya Merti, yaliyo chini ya ardhi kuanzia upande wa Habaswein hadi Liboi na kuvuka mpaka. Katikati ni matamu, pembeni ni ya chumvi. Tukivuta kupita kiasi, ya pembeni husogea kuja kwetu pamoja na chochote kilichomo. Tangu siku ile naandika daftarini kina cha maji na kiwango cha chumvi, na nimewashawishi wenzangu wa visima jirani nao waandike.

Hata ninachodai kimebadilika. Zamani nilipaza sauti kwamba tumetiliwa sumu, nikaishia hapo. Sasa nataka kila kisima kipimwe urani, floridi, aseniki na naitreti, kwa majina yake. Kule Kargi, Marsabit, maelfu ya mifugo ilikufa mwaka 2000 baada ya kunywa maji ya kisima, na vipimo vilionyesha naitreti nyingi mno. Naitreti haina mionzi, lakini mbuzi hawakusubiri tofauti hiyo. Na urani yaweza kutoka kwenye mwamba wenyewe, bila pipa la mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa. Nataka majibu ya vipimo hivyo yasomwe barazani, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, mbele ya akina mama wanaoteka maji, na kila shimo lililoachwa lizibwe kwa saruji kabla mvua ya Deyr, yaani ya vuli, haijaanza.