Neno la Kikorea lililotufunza kutopunja



Sisi ni wazazi wawili, mume na mke, wakazi wa Korogwe, na tunaandika kwa pamoja kwa sababu jambo tunalolieleza tulilitenda kwa pamoja. Linahusu neno moja la lugha ya Kikorea. Msomaji atauliza Korogwe na Korea zimekutana wapi. Nasi tuliuliza vivyo hivyo siku kijana wetu wa kwanza alipotuletea habari kwamba amepata ufadhili wa Serikali ya Korea Kusini kwa masomo ya shahada ya uzamili. Hadi siku hiyo Kikorea tulikijua kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo watoto walizitazama nasi tukawakemea, huku jicho letu moja likiwa palepale kwenye televisheni.

Ufadhili ule una sharti. Mwaka wa kwanza ni wa lugha peke yake, na mwanafunzi hana budi kufikia ngazi ya 3 kati ya ngazi 6 za mtihani wa Kikorea uitwao TOPIK, ndipo aendelee na masomo aliyoyafuata. Kijana akaona asingoje kufika huko. Miezi mitatu kabla ya safari alinunua daftari, akawa kila baada ya swala ya Isha anakaa barazani kujifunza, nasi tukakaa naye. Tulijiambia kuwa tunamsaidia. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaziba pengo lake kabla halijafunguka.

Alituonyesha kwanza maandishi, ambayo Mfalme Sejong aliyabuni mwaka 1443 na kuyatangaza mwaka 1446 ili raia wasiojua herufi za Kichina nao waweze kusoma. Leo herufi za msingi ni 24 tu. Kisha akaingia katika maneno, na katika ukurasa wa nne wa daftari akaandika neno mani, akalipigia mstari mara mbili.

Bibi, mama mzazi wa mmoja wetu, alikuwa amejinyoosha mkekani akivuta tasbihi. Aliposikia mani, mani, akainua kichwa na kuuliza kama mjukuu wake anakwenda Ulaya kuchunga mbuzi. Kwake Bibi nchi zote za ng'ambo zilikuwa Ulaya, na kwa Kizigua chake mani ni majani, ni nyasi. Tulicheka hata jirani akachungulia. Mdogo wake kijana, aliyekuwa akisoma fiqhi madrasa, naye akaguna, kwa kuwa katika darasa la tohara lipo neno linalokaribiana nalo kwa sauti. Tukamwambia kila neno lina kwao, na kwao hili ni Korea.

Huko kwao, mani ni neno la kueleza kiasi. Ni "sana", ni "kwa wingi". Limetokana na neno lenye maana ya kuwa -ingi, na katika maandishi mna herufi ya h ambayo haisikiki. Mgeni akikaribishwa chakula huambiwa mani duseyo, yaani kula sana, ushibe. Lakini halitumiki kama "sana" yetu. Sisi husema "nimekula sana", kiasi kikifuata kitenzi. Mkorea hutanguliza kiasi, na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Kijana alikosea jambo hilo kwa wiki nzima, akiliburura neno hadi mkiani kama afanyavyo Mswahili yeyote.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. "Sana" yetu hutumika popote: kubwa sana, anakimbia sana, wengi sana. Wakorea wana maneno kadhaa, kila moja na kazi yake. Sifa ya kitu, kama ukubwa au uzuri, huwekewa aju; tendo huwekewa mani. Tena kuna neno moja, kuda, ambalo likiwa na maana ya "kuwa kubwa" hutanguliwa na aju, na likiwa na maana ya "kukua" hutanguliwa na mani. Lipo pia nomu, ambalo asili yake ni kama "mno" yetu, kupita kiasi. Kwa muda mrefu wenye lugha waliliona kuwa la mambo mabaya tu, lakini watu waliendelea kulitumia hata kwa furaha, mpaka mwaka 2015 taasisi yao ya taifa ya lugha ikaridhia. Na kinyume cha mani ni jogum, "kidogo".

Bibi alisikiliza yote hayo, kisha akasema maneno ambayo wakati ule tuliyapita. Alisema watu hao wana vibaba vingi. Miaka yake yote ya nguvu Bibi aliuza maharage na mchele sokoni, na alijulikana kwa jambo moja: kibaba chake kilijazwa mpaka kikafanya kilima, na hakukipangusa kwa kiganja. Akiulizwa hujibu kuwa ameonywa juu ya wenye kupunja vipimo, na kwamba Akhera hapana pa kuongezea punje.

Kijana akaondoka mwishoni mwa Agosti. Tukaanza kuishi kwa saa mbili, yetu na yake, maana Korea imetutangulia kwa saa 6: tunapoadhini Adhuhuri kule jioni inaingia, na tunapomaliza Isha wao wamo katika kina cha usiku. Alikuwa Busan, mji wa bandari wenye msikiti tangu mwaka 1980. Alitueleza anavyopika samaki na wali wake mwenyewe ili kujiepusha na haramu, na jinsi baridi ya Januari ilivyomfanya atie udhu kama mtu anayeingia vitani.

Januari hiyohiyo aliumwa tumbo. Alikwenda zahanati, na daktari akamuuliza swali alilolielewa neno kwa neno: Mani apayo? Inauma sana? Kijana akajibu jogum, kidogo. Akapewa vidonge, akarudi kulala. Usiku wa pili, mwenzake wa chumba, Muislamu kutoka Uzbekistan, alimkuta amejikunja sakafuni karibu na mswala, akamkokota hospitali, na mlangoni akamsemea mwenyewe: mani, mani apayo. Kilikuwa kidole tumbo. Alipasuliwa usiku uleule, na Alhamdulillahi akapona.

Sisi tulizipata habari hizo baada ya siku 9, nyuzi zikiwa zimekwishatolewa. Tulimgombeza kwa sauti mbili katika simu moja. Tulimuuliza imekuwaje mtu mwenye shahada, aliyelipigia neno mstari mara mbili, aambiwe litamke naye alimeze. Akajibu kwa adabu kwamba neno alikuwa nalo, ila mdomo ulikataa. "Nyumbani hatusemi hivyo," alisema.

Jibu hilo lilitunyamazisha, kwa kuwa lilikuwa kweli. Sisi tumezaliwa katika lugha ambayo mtu akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo" kwanza, hata kama amebebwa kwa machela, na ugonjwa hufuata baadaye, tena umepunguzwa: "naumwa kidogo tu". Tuliwalea wanetu hivyo tukidhani tunawafunza subira. Mtoto wa kiume akianguka tulimwambia hajaumia. Hatukukumbuka kuwa Nabii Ayyub (AS) alimweleza Mola wake waziwazi kwamba dhara imempata, na juu ya hayo Mwenyezi Mungu (SW) akamsifu kwa subira. Mwenye kueleza maumivu yake kwa kipimo chake hakulalamika. Ametoa ushahidi juu ya mwili ambao ni amana.

Tulimwambia hayo yote katika simu. Tulihutubu vizuri. Kisha ikaja zamu yetu.

Mwezi Machi, masika yalipoanza kutia matope uani, Bibi alianza kuishiwa nguvu. Kwanza aliacha kwenda sokoni hata kutazama, kisha akaacha kutoka barazani, kisha akawa anaswali amelala. Daktari alituambia bila kuficha kwamba moyo wake umechoka na kwamba tumweke karibu na watu wake. Kijana akipiga simu humuuliza Bibi, na sisi, wahubiri wa Januari, tulimjibu: "Bibi anaumwa kidogo. Ni homa za masika. Wewe soma." Mtihani wake ulikuwa Jumapili moja ya Aprili. Tulihofu kuwa akijua ataanguka, na akianguka ufadhili utakatika, na jasho la ukoo mzima litakuwa limemwagika barabarani.

Bibi alimtaja. Alimtaja kila siku, na siku za mwisho alimtaja kila alipozinduka. Mara mbili tuliweka simu sikioni mwake lakini tukamwomba asiseme mengi, asije akamtia mtoto wasiwasi. Akatii. Tulimtia Bibi, mwenye kibaba chenye kilima, katika kupunja kwetu.

Alifariki Alhamisi kabla ya Alfajiri, tukamzika baada ya Alasiri. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Ijumaa kijana alituma ujumbe wa kuulizia hali. Tukamjibu kuwa sote tunamuombea dua. Lilikuwa jibu la kweli lililowekwa mahali pa uongo, na kila mmoja wetu aliona mwenzake akikwepa kulisoma kwa sauti.

Jumapili, mtihani ukiwa umekwisha, tulimpigia. Tulimweleza. Simu ilikaa kimya kwa muda ambao hatukuupima. Hakupaza sauti wala hakulaumu. Alisema tu: "Mliniambia kidogo." Kisha akauliza: "Aliniulizia?"

Tulitazamana. Midomoni mwetu jibu lililotangulia kufika lilikuwa "mara mojamoja", kwa kuwa tulitaka kumpunguzia. Lakini tulimwona Bibi na kibaba chake, na tukaona kuwa anayempunguzia aliyefiwa kiasi cha kupendwa kwake anamwibia mali ya mwisho aliyoachiwa. Mmoja wetu akajibu kwa neno la daftari, akalitanguliza mahali pake:

"Mani. Mani amekuulizia, mwanangu."

Ndipo akalia, nasi tukalia naye, Busan na Korogwe, mpaka salio likakatika.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu ngazi ile ya 3. Wapo ndugu waliotuambia kuwa basi tulifanya vyema, kwani angejua asingefaulu. Huenda. Sisi hatulipimi tena kwa namna hiyo. Mtihani ule ulikuwa na marudio Julai; maneno ambayo Bibi angemwambia mjukuu wake, na wasia, na radhi za kuombana uso kwa uso japo kwa kioo cha simu, hayakuwa na marudio.

Hatusemi kila habari imwagwe kwa kila mtu na kwa kila saa. Dini yetu imetufunza hekima katika kufikisha habari nzito, na kuchagua saa ni sehemu ya hekima. Lakini kuchagua saa ni jambo moja, na kubadili kipimo ni jambo jingine. Tungeweza kumwambia: "Bibi anaumwa sana, daktari amesema hivi, nasi tunakuomba usome kwa kadiri utakavyoweza, na kila jioni yako tutakuwekea simu umsikie." Angeumia. Lakini angeumia akiwa mmoja wetu, si mgeni aliyefichwa jambo la nyumbani kwake.

Basi tumewekeana ahadi katika familia hii. Anayeulizwa hali atajibu Alhamdulillahi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anastahiki shukrani katika kila hali, kisha atasema kipimo: kidogo kama ni kidogo, sana kama ni sana. Mdogo wake kijana, yule wa fiqhi, ndiye aliyetukumbusha kuwa neno tulilokwenda kulitafuta Korea tulikuwa nalo siku zote. Katika takbira za Idi, baada ya kumtukuza Mola, tunamhimidi kathiran, kwa wingi. Na waumini wameamrishwa kumtaja Mwenyezi Mungu kwa wingi. Ulimi uliozoea kathiran kwa Mola wake hauoni taabu kusema kweli ya kiasi kwa waja wake.

Kijana anatarajiwa nyumbani kwa likizo, inshaAllah. Tumekubaliana kwamba atakaposhuka basini hapa Korogwe, kabla ya kwenda naye kaburini kumzuru Bibi, tutamwambia maneno ambayo wazee wa Kikorea humwambia mtoto aliyerejea: kwamba amekua. Daftari lake tumelipitia tena usiku wa jana ili tusikosee. Ni kukua, si ukubwa. Kwa hiyo ni mani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi yetu, aijaze mizani yake kama alivyojaza vibaba vya watu, atusamehe tulichompunja, na aziponye ndimi zetu. Amin.